Miaka Inayofuata Baada ya Mtoto Njiti Kuruhusiwa

Binti yangu alizaliwa katika wiki ya 26 akiwa na gramu 840, na kwa muda wote tuliolazwa sikuwa na swali jingine ila moja: ataishi? Siku tuliyoruhusiwa nililia kwa furaha, nikidhani nimeshajibiwa. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na ninaandika kwa sababu swali la pili, la namna atakavyoishi, tuliachiwa tulibebe wenyewe.

Wanaozaliwa kabla ya kutimiza wiki 28 ndio njiti wachanga kupita wote, na wokovu wao ni wa juzi tu. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery alionyesha kwamba mapafu yao hushindwa kufunguka kwa kupungukiwa na ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walichapisha ushahidi kwamba sindano za steroidi anazochomwa mama kabla ya kujifungua huyasaidia mapafu hayo kukomaa, na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akaripoti kuwatibu vichanga kwa ute uliotokana na mapafu ya ng'ombe. Katika hospitali za Marekani zilizofuatiliwa kati ya mwaka 2013 na 2018, asilimia 94 ya waliozaliwa wiki ya 28 walirudi nyumbani wakiwa hai. Kwa wale wa wiki ya 22 waliopewa matibabu ya kuokoa uhai, ilikuwa asilimia 30. Katika nchi maskini, zaidi ya tisa kati ya kumi wa waliozaliwa kabla ya wiki ya 28 hufa katika siku chache za mwanzo, jambo ambalo siwezi kulisoma kwa utulivu, maana joto la kifua cha mama na maziwa yake si vitu vya kuagizwa kutoka ng'ambo.

Yanayofuata baada ya uhai huhitaji subira kuyaeleza. Watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa Uingereza na Ireland mwaka 1995 kabla ya wiki ya 26, na walipofika miaka sita, takriban mmoja kati ya watano alikuwa na ulemavu mkubwa, na idadi inayokaribia hiyo haikuwa na ulemavu wowote. Waliobaki walikuwa katikati, na huko katikati ndiko tunakoishi sisi. Binti yangu hana mtindio wa ubongo, macho yake yalipona, lakini hesabu humlemea, darasa lenye kelele humchosha, na mafua ya kawaida humshukia kifuani. Kwa kuwa anatembea na kuzungumza vizuri, walimu walimwona mvivu. Hilo liliniuma kuliko mirija yote niliyoiona puani mwake, kwa sababu mirija ilikuwa ikimsaidia.

Ningependa wazazi waambiwe mapema kwamba kliniki ya ufuatiliaji isiishie mtoto anapoanza kutembea, kwa sababu matatizo ya umakini na ya kujifunza mara nyingi hujitokeza shuleni, na shinikizo la damu huelekea kuwa juu zaidi kwa watu wazima waliozaliwa njiti.

Hata hivyo, tathmini ya maisha hayo si ya daktari peke yake, wala si yangu. Nchini Kanada, Saroj Saigal na wenzake waliwafuatilia hadi utu uzima watu waliozaliwa na uzito usiozidi kilo moja, wakawauliza wenyewe. Nao waliyapima maisha yao karibu sawa na walivyoyapima wenzao waliozaliwa na uzito wa kawaida, ijapokuwa walikuwa na maradhi na ulemavu zaidi. Tangu niliposoma hayo, daktari akiniuliza hali ya binti yangu, humgeukia yeye ajibu. Safari iliyopita alieleza kuhusu kifua, akaeleza kuhusu hesabu, kisha akauliza kama anaweza kujiunga na timu ya kuogelea. Daktari alimsikiliza mapafu kwa muda mrefu, akamruhusu.