Kinga Inapougeukia Utumbo

Linalonivutia zaidi katika ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa njia ya chakula, ni kwamba kinga ya mwili haipambani na adui wa kutoka nje, bali huwajibu kwa ukali mno bakteria ambao kwa watu wengi huishi utumboni bila madhara. Mwaka 2001 watafiti walionesha kuwa mabadiliko katika jeni ya NOD2, inayohusika na kutambua vipande vya kuta za bakteria, huongeza uwezekano wa kuugua. Hata hivyo, wengi wenye mabadiliko hayo hawaugui kamwe, ndiyo maana sikubaliani na wanaouita ugonjwa wa kurithi tu.

Bakteria wanapoupenya ukuta wa utumbo, seli za kinga hutoa intalukini 23, kemikali ya kupashana ishara ambayo huzichochea seli nyingine, na TNF, kemikali nyingine inayochochea uvimbe, huongezeka hadi vidonda vikatokea. Dawa ya infliximab, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1998, huinasa TNF. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni zito, kwa kuwa TNF hiyohiyo husaidia kuwadhibiti bakteria wa kifua kikuu waliojificha mwilini, hivyo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kwanza kabla ya kupewa dawa hiyo.

Fumbo kubwa kwangu ni intalukini 17, kemikali nyingine ya kinga. Ilitarajiwa kwamba kuizuia kungetuliza ugonjwa, lakini jaribio la secukinumab, dawa inayoizuia, lililochapishwa mwaka 2012 halikuwafaa wagonjwa wa Crohn, na baadhi walizidiwa. Inaelekea kemikali hiyo, licha ya kuchochea uvimbe, pia huulinda ukuta wa utumbo na kudhibiti kuvu.