Kuku wa Mradi

Moshi, Jumapili usiku

Nimefika nyumbani saa mbili, viatu vikiwa bado na udongo wa Mwika. Mama watoto kaniuliza mlangoni, "Umesamehewa?" Nikamjibu kwamba sijui. Hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu za kumwelewesha. Naandika sasa hivi kabla sijalala, maana najijua: kesho asubuhi nitakuwa nimeshaanza kuipamba.

Sisi tuliomaliza kidato cha nne 1976 tulikuwa 35 darasani. Tunaojua kwamba tungali hai ni 13, na kati yetu tisa tuko huku huku mlimani au mjini. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana kwenye mgahawa mmoja karibu na mnara wa saa, tunavuta meza mbili pamoja, tunakaa mpaka saa saba. Ni watoto wa wakulima wa kahawa sote. Kahawa ndiyo iliyotununulia masanduku ya bati tuliyoingia nayo bweni, na mpaka leo mhudumu akija, sote tunaagiza chai ya maziwa.

Zamani tulikuwa tunatajiana alama za hesabu, siku hizi tunatajiana za sukari. "Mimi leo saba nukta mbili." "Umeniacha mbali, mimi kumi na moja." Yule aliyekuwa mkiani kwenye hesabu ndiye anayeongoza sasa, na anajisifu. Mweka hazina wetu wa michango ya misiba na wagonjwa ni yule yule aliyekuwa kiongozi wa bweni, na bado anaita mahudhurio kwa mpangilio ule ule wa vitanda. Akifika kwenye jina la aliyekwisha kufa, anakohoa kidogo, anaruka.

Mmoja haji kabisa. Tunamwita Bayi. Yuko kwao Mwika, magoti yamekataa kupanda gari, na simu yake ni kitochi, kwa hiyo hata zile picha za maua na mistari ya Biblia tunazorushiana alfajiri kwenye wasap hazimfikii. (Hilo simwonei huruma.) Kazi ya kumpigia na kumpa habari wamenipa mimi, kwa sababu nilifanya kazi ya simu miaka arobaini. Wenzangu wanaona ni jambo la kawaida tu. Mimi kila nikibonyeza namba yake tumbo linanikaza.

Jina la Bayi alilipata 1974. Februari 2 mwaka ule, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ikawa rekodi ya dunia. Tena hakuvizia nyuma akachomoka mwishoni. Alitoka mbele bastola ilipolia, akabaki mbele mpaka utepe. Tuliipata kwenye redio ya mwalimu, tukaimba kuanzia bwaloni mpaka mabwenini. Baada ya hapo nadhani kila shule ya nchi hii ilikuwa na Bayi wake. Wa kwetu alilistahili jina. Alikuwa mwembamba, anakimbia pekupeku kwenye kiwanja cha nyasi chenye mashimo ya fuko, na hakuwahi kukubali kuongozwa hata raundi moja ya mazoezi. Alikuwa anaamka saa kumi na moja peke yake, anateremka mpaka mtoni, anapanda tena, anaoga maji ya barafu ya mlimani, sisi tukiwa tumejikunyata chini ya blanketi.

Mwaka huo huo ndio ile njaa. Mvua zilikataa, nchi ikaletewa mahindi ya msaada, ya njano, tukayaita yanga. Ugali wa yanga ulikuwa na harufu yake na ukaidi wake. Kulikuwa na shabiki mmoja wa Simba aliyeapa hataula, akashinda siku moja na nusu, siku ya pili mchana tulimkuta amejificha na sahani nyuma ya stoo. Mimi waliniita Kijiko. Nilikuwa natembea na kijiko ndani ya soksi, kengele ya chakula ikilia nisipoteze muda.

Ilikuwa enzi za Elimu ya Kujitegemea, kila kidato na mradi wake. Wengine walikuwa na mahindi, wengine nguruwe. Kidato cha tatu, 1975, tulipewa kuku. Tuliwalisha, tukawafagilia, tukahesabu mayai, mayai yakauzwa, hela zikaingia kwenye daftari, sisi tukabaki na harufu.

Usiku mmoja wa Ijumaa tulimchukua jogoo mwekundu. Tulikuwa watatu. Wazo lilikuwa langu, na kisu kilikuwa changu. Tulimnyonyolea njiani kuelekea mtoni, tukawasha moto katikati ya mibuni, mvua ikaja kabla hajaiva. Tukala hivyo hivyo.

Alfajiri Bayi akatoka mbio zake kama kawaida, miguu imelowa umande, akapita pale pale. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama getini na habari ya jogoo imeshamfikia. Akamtazama Bayi juu mpaka chini. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto palikuwa na unyoya mwekundu, mmoja tu, umegandia kwa umande.

Alichapwa viboko sita, akapewa kisiki. Kila aliyesoma bweni enzi zile anakijua kisiki. Kilikuwa cha mgrevilea, mizizi imeshikana chini kama vidole vya mtu anayekataa kutoa kitu. Alikichimba siku nne. Siku ya pili nilipita na ndoo yangu akaniita, "Kijiko, nipe maji." Nikampa. Alikunywa akiwa ameinama, jasho linamdondoka puani, akarudisha kata, akasema asante. Siku ya nne lori likaondoka na wanariadha kwenda mashindano ya mkoa. Yeye alikuwa shimoni, kichwa tu ndicho kilichoonekana. Hakugeuka kulitazama.

Sisi watatu tuliapizana. Kwa umri ule tuliona ni ushujaa.

Nikaajiriwa Posta na Simu 1978, nikaanzia kwenye mitambo usiku, enzi za simu za kukoroga. Nimeunganisha wachumba, wadai na wadaiwa, watoto waliopotelea Dar na mama zao. Shirika likagawanywa 1994, nikabaki upande wa simu mpaka nilipostaafu 2018. Kwa miaka yote hiyo waya zilikuwa mikononi mwangu na sikumtafuta Bayi hata mara moja. Nilisikia kwamba ameajiriwa shamba la miwa, baadaye kwamba amerudi kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao. Nilikuwa nasema moyoni, nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo nzima nzima, kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri.

Mwezi uliopita tulimzika wa pili kati ya sisi watatu, Kibosho. Wa kwanza alitangulia zamani. Bayi alikuja msibani kwa bodaboda, fimbo mapajani, akakaa chini ya turubai mstari wa mbele, akaimba pambio zote, akala pilau. Nilimtazama, nikajua kwamba pale duniani aliyebaki na jambo lile ni mimi peke yangu. Usiku sikulala.

Kwa asiye wa mlimani nieleze. Isale ni mmea wetu wa majani marefu mapana, ndio tunaopanda mipakani mwa vihamba na makaburini. Ukimkosea mtu kosa zito, unamwendea na isale. Na mtu akishaletewa isale, kwa desturi hana njia ya kukataa kusamehe. Ndiyo maana halipelekwi ovyo. Jana nilikwenda kwetu Uru, nikakata mpakani mwa kihamba cha marehemu baba. Nilikata shina zima na majani yake, maana jani tupu lingenyauka kwenye gari na ningefika nimebeba kitu kama mboga za jana.

Kwenye Hiace nililifunga kwenye gazeti. Kiboriloni akapanda mama mmoja na ndoo zake, akaona ncha za majani zimechomoza, akanyamaza, akanipisha nafasi. Hakuniuliza kitu mpaka Njia Panda. Tulipofika Himo tukakunja kuanza kupanda, akasema polepole, "Mungu akutangulie, Meku." Bila shaka alidhani nimeua mtu.

Bayi alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mparachichi, anachambua maharage ya mbegu. Shemeji akanipokea, akatuletea mbege. Tulikunywa kata ya kwanza kwa mambo ya kawaida: mvua, bei ya mbolea, nani kalazwa. Halafu nikafungua gazeti.

Akaliona. Akaweka chini ungo.

"Kijiko, umemgonga mtu wetu?"

"Hapana. Ni la kwako."

Nikasema yote. Nilikuwa nimeyapanga toka usiku lakini yalitoka bila mpangilio, nikaanza na kisu, nikarudi kwenye mvua, nikataja majina ya marehemu wawili, nikajikuta naeleza jinsi jogoo alivyokuwa haivi, jambo ambalo halikuhusu kitu. Yeye alinisikiliza mdomo umeachama. Nilipomaliza hakuniangalia mimi, aliangalia kule nje ya ua walikokuwa wanacheza watoto.

"Punguza sauti," akasema. "Wajukuu watasikia."

"Wasikie nini?"

"Usiniharibie hadithi yangu, bwana."

Nilidhani sijamsikia vizuri. Akasogeza kigoda.

"Nilikana wiki nzima," akasema. "Mwalimu hakuniamini. Nyie hamkuniamini."

"Sisi tulijua."

"Sasa ndiyo naambiwa. Hata baba alipokuja kunitembelea, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, mwanangu, siku nyingine ukiiba usikanyage manyoya." Akacheka peke yake. "Nikaona, huyu kuku nimeshamlipia. Acha basi nimle."

Ndipo akaanza kusimulia kwamba ni yeye. Alianzia kwa wenzake wa shambani, kule kwenye miwa, wakacheka, wakampenda. Akaja kuwasimulia watoto wake, sasa wajukuu. Miaka imepita, jogoo mmoja wamekuwa wawili, na kwenye sherehe ya kipaimara mwaka jana, mchungaji akiwa mezani, akaongezeka na bata. Kijiji kizima kinajua kwamba Babu alikula mradi wa shule. Shemeji mwenyewe anajua hivyo, miaka arobaini ya ndoa.

"Ila niambie kitu kimoja," akasema, akainama. "Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mgumu. Katikati mbichi kabisa."

"Ah!" Uso ukamwanguka kweli. "Mimi huwa nasema alikuwa mtamu sana."

Nikamuuliza kuhusu mashindano. Nilijilazimisha, maana hilo ndilo lililonipeleka, la kuku lilikuwa gari tu. Akashika goti la kushoto, akalisugua taratibu kwa kiganja kama mtu anayefuta vumbi.

"Mashindano ni jingine," akasema.

Nikasubiri. Shemeji akaja na sufuria la machalari, akatuwekea, akasimama kidogo kuona kama tunakula. Alipoondoka Bayi akaanza kuongelea mbolea tena.

Isale alilichukua. Tulipomaliza kula alinyanyuka na fimbo yake, akanipungia nimfuate, tukateremka mpaka mpaka wa chini wa kihamba. Mbuzi wa jirani walikuwa wametoboa ua, pengo la kupita mtoto. Akatoboa ardhi kwa ncha ya fimbo, akalichomeka shina pale, akanionyesha kwa kidole nikanyagie udongo, yeye asingeweza kuinama. Nikakanyagia. Akalitikisa kuona kama limesimama.

"Litashika," akasema. "Mvua zipo."

Tuliporudi juu watoto walikuwa wamekusanyika, wanne, mkubwa kama miaka kumi. Wakaniamkia, shikamoo Babu, nikaitikia. Wakamwambia babu yao, "Babu, tusimulie ya kuku, mgeni asikie." Akanitazama mimi kwanza. Halafu akaanza.

Anajua kusimulia, hilo lazima niseme. Akatia mwezi mpevu usiku ambao mimi nakumbuka mvua. Akatia mbwa. Jogoo wa kwanza akapigana, wa pili akajisalimisha. Mahali pa unyoya akanyoosha mguu, akaonyesha kifundo, na watoto wote wakainama kuangalia kana kwamba bado uko pale. Kisiki akakipitia haraka, neno moja tu, na lori hakulitaja.

Yule mkubwa akanigeukia. "Na wewe Babu ulikuwepo?"

Bayi alikuwa anachokonoa ardhi kwa fimbo.

"Nilikuwepo," nikasema.

"Alikugawia?"

"Wapi! Alininyima hata shingo."