Siku Moja Lubumbashi: Barua Zinazorudi na Seva Iliyowashwa Upya

Saa 12:10 asubuhi

Nilikuwa bado nimejifunika blanketi, kwa sababu asubuhi za Julai hapa Lubumbashi zina baridi, simu ilipolia. Alikuwa mzee mmoja, wakala wa forodha, ambaye tovuti na barua pepe za ofisi yake zimo kwenye seva ninayoitunza. "Mwanangu, tangu usiku barua zangu zinarudi, na malori mawili yako Kasumbalesa, mpakani, yanangojea hati," alisema. Nilimjibu, "Papa, nitumie barua moja iliyorudi, nzima, pamoja na yale maandishi ya chini yasiyoeleweka." Nilisisitiza neno "nzima" kwa kuwa wateja wengi hupiga picha ya mistari miwili ya juu, ilhali sababu ya kukataliwa huandikwa chini na seva iliyoikataa barua.

Saa 1:30 asubuhi

Umeme ulikuwa umekatika mtaani, nikawasha kompyuta kwa betri ya inveta. Seva yenyewe haiko hapa. Tumeikodi katika kituo cha data nchini Ujerumani, hivyo giza la mtaa wetu haliigusi, ila linanigusa mimi ninayepaswa kuifikia. Barua ya mzee ilikuwa imefika. Ndani yake mlikuwa na nambari 550 5.7.1, anwani ndefu ya IPv6 (mfumo mpya wa anwani za mtandao, wa zamani ukiwa IPv4), na maelezo ya Gmail kwamba barua haikutimiza masharti ya kutuma kupitia IPv6, yaani yanayohusu rekodi ya PTR, inayotaja jina la mwenye anwani, na uthibitisho wa mtumaji.

Tarakimu ya kwanza ya nambari hiyo ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Jibu linaloanza na 4 ni la muda: barua hubaki kwenye foleni, na Postfix, programu tunayotumia kusafirisha barua, huijaribu tena na tena hadi siku 5 kwa mpangilio wake wa kawaida. Jibu linaloanza na 5 ni la mwisho: barua hurudishwa kwa mwenyewe papo hapo, wala haibaki kwenye foleni. Kwa hiyo hata kama ningerekebisha kosa dakika ile ile, hati za mzee zisingeondoka zenyewe. Nilimpigia nikamweleza kwamba atalazimika kuzituma upya nitakapompa ishara, kwa sababu nimeshaona watu wakingojea siku nzima barua ambayo haimo tena popote.

Saa 2:45 asubuhi

Nilipofika ofisini, katikati ya mji, nilimkuta kijana ninayefanya naye kazi ameshaanza uchunguzi wake. "Yaya, tumewekwa kwenye orodha ya watuma taka," aliniambia kwa wasiwasi; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Alikuwa ameuliza orodha ya Spamhaus kuhusu anwani yetu, akapata jibu 127.255.255.254, akadhani kupata jibu lolote ni kuorodheshwa. Nilimwonyesha kwamba alikuwa ameuliza kupitia DNS (huduma inayounganisha majina na anwani za mtandao) ya umma ya Google, na Spamhaus haihudumii maswali yanayopitia huko. Nambari ile inasema tu kwamba swali limekuja kwa njia isiyokubalika. Tuliuliza upya kupitia DNS ya seva yetu wenyewe, na anwani yetu haikuwa kwenye orodha. Ni kosa ambalo mtu makini anaweza kulifanya, na lingeweza kutupotezea asubuhi yote tukiomba kuondolewa mahali ambapo hatukuwekwa.

Saa 3:20 asubuhi

Kabla ya kugusa chochote nilifungua kumbukumbu za Postfix, faili inamoandika kila inachofanya. Hapa kulikuwa na majira matatu tofauti ya kupatanisha. Seva inaandika kwa UTC, saa ya kimataifa inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane, Lubumbashi iko saa mbili mbele yake, na mteja mwingine aliyelalamika yuko Kinshasa, ambako saa iko moja nyuma ya yetu. Yeye alisema matatizo yalianza saa 4:45 usiku. Kwetu hiyo ni saa 5:45 usiku, na kwenye kumbukumbu ni 21:45. Kukataliwa kwa kwanza kulikuwa kumeandikwa saa 21:43. Nilirudi nyuma mistari michache, nikaona kwamba saa 21:40 seva ilikuwa imewashwa upya. Niliyeiwasha upya ni mimi, baada ya masasisho ya usiku yaliyoleta keneli mpya, yaani kiini cha mfumo wa mashine.

Kijana alipendekeza turudishe masasisho yale nyuma. Nilikataa. Keneli ile ilikuwa na marekebisho ya usalama, na hakuna chochote kwenye kumbukumbu kilichoonyesha kwamba ndiyo iliyovunja barua. Tena, barua zilizokwenda kwa kampuni zenye seva zao zilifika bila shida. Zilizokataliwa zote zilikuwa za kwenda Gmail, na zote zilitoka kwa IPv6. Swali halikuwa sasisho lina nini, bali kuwasha upya kumerudisha nini.

Jibu lilinichoma. Miezi saba iliyopita nilizima IPv6 kwenye seva ile kwa amri ya sysctl, amri inayofanya kazi mara moja na kusahaulika mashine inapozimwa. Sikuiandika kwenye faili la mipangilio. Kwa miezi saba kila kitu kilikwenda vizuri kwa sababu mashine haikuwahi kuzimwa. Ilipoamka, IPv6 ilirudi, Postfix ikaanza kuitumia, na anwani ile haikuwa na PTR, yaani ukimuuliza DNS "anwani hii ni ya nani?" hapakuwa na jina lolote. Mpokeaji anayepelekewa barua na mashine isiyo na jina ana haki ya kuikataa. Tangu Februari 2024 Gmail inadai rekodi hiyo kwa kila anayetuma, si kwa wale tu wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku.

Saa 4:05 asubuhi

Njia ya haraka ilikuwa kuiambia Postfix itumie IPv4 peke yake, kwa kuandika inet_protocols = ipv4 kwenye faili lake kuu. Mpangilio huu hautoshelezwi na kupakia upya. Ni lazima Postfix isimamishwe kisha ianzishwe. Nilituma barua ya majaribio kwenye sanduku langu la Gmail, nikafungua asili ya ujumbe, nikasoma kwamba SPF, DKIM na DMARC, yaani vipimo vya uhalali wa mtumaji, zote zimepita. Ndipo nikampigia mzee. Alituma hati zake, nami nikazifuata kwenye kumbukumbu moja baada ya nyingine hadi zote zikapata 250, jibu la kupokelewa. Aliponiambia, "Aksanti mwanangu, dereva amezipata," nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Saa mbili zilizofuata zilikwenda kwa simu. Kila ambaye barua zake zilirudi alipaswa kujua azitume upya, na orodha hiyo niliitoa kwenye kumbukumbu badala ya kungojea walalamike. Mama mmoja wa duka la dawa huko Kamalondo hakuwa na tatizo letu kabisa: alikuwa amebadilisha nenosiri kwenye kompyuta na kulisahau kwenye simu.

Saa 7:30 mchana

Bukari, sombe na samaki, kwa haraka.

Saa 8:15 mchana

Mchana huwa ni wa masasisho, na sikutaka kuyaahirisha kwa sababu ya yaliyotokea. Kwenye seva zetu zinazotumia mfumo wa Debian, marekebisho ya usalama huingia yenyewe kila siku. Mengine tunayaingiza kwa mkono, kwanza kwenye seva yenye wateja wachache, kisha siku inayofuata kwenye kubwa. Programu ya masasisho ikiuliza kama ibadilishe faili la mipangilio tulilolihariri, jibu letu ni kubakiza letu, halafu tunalinganisha mawili hayo mstari kwa mstari. Kukubali jipya bila kusoma ndiko kunakofuta mipangilio ya barua usiku wa manane.

Kazi nzito ilikuwa tovuti ya shule moja inayoendeshwa na lugha ya programu ya PHP 7.4, toleo ambalo msaada wake wa usalama ulikoma Novemba 2022. Nilitengeneza nakala ya tovuti, nikaipeleka kwenye PHP 8.2, na programu-jalizi ya fomu ya mawasiliano ikaanguka mara moja. Hilo lilinifurahisha kuliko kunisikitisha: limeanguka kwenye nakala, huku wazazi wakiendelea kusoma matokeo kwenye tovuti halisi. Nitatafuta toleo jipya la fomu ile kabla ya kugusa chochote cha kweli.

Saa 10:40 jioni

Nilirudi kwenye IPv6, kwa sababu kuizima ni kuahirisha. Kwenye paneli ya kituo cha data niliipa anwani ile jina la seva yetu, kisha nikahakikisha kwamba jina hilo nalo linarudisha anwani ile ile. Upande mmoja hautoshi. Kwenye SPF, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma barua, niliongeza anwani ya IPv6 katika rekodi yetu moja, ambayo vikoa (majina ya mtandaoni) vya wateja huirejelea, hivyo sikulazimika kufungua kikoa cha kila mmoja. Nitangoja rekodi zienee, na Postfix itabaki kwenye IPv4 mpaka nijiridhishe kwa majaribio.

Saa 4:00 usiku

Nyumbani umeme ulikuwa umerudi. Niliwatumia wateja taarifa ya dakika kumi za matengenezo, nikakagua kwamba nakala rudufu ya jioni imekamilika, kisha nikaiwasha seva upya kwa makusudi, safari hii nikiwa macho mbele yake. Kijana alikuwa nami kwenye simu. Ilipoamka tulifuata orodha tuliyoiandika mchana: anwani zipi ziko hai, Postfix inasikiliza poti 25 na 587, milango ya barua, foleni ina nini, tovuti tatu za mfano zinafunguka. Halafu nikatuma barua moja kwenda Gmail. Saa 20:11 kwenye kumbukumbu, iliondoka kwa IPv4, ikajibiwa 250. "Imefika, yaya," kijana alisema, nami nikaandika saa hiyo kwenye daftari.