Kipande cha Halua Juu ya Boneti

Juzi dereva wa bodaboda alinikwaruza kwenye foleni ya Mwenge. Mchirizi umeanzia karibu na kitasa cha mlango wa kushoto, umekwenda kuishia juu ya tairi la nyuma. Aliniomba radhi huku anaondoka. Nikalipeleka gari kwa vijana wenye mashine ya kusomea rangi. Waliibandika mlangoni mara tatu, na mara zote tatu ikatoa jibu tofauti. Mmoja wao akafungua boneti, akasoma kibati cha kiwandani: 040.

"Mama, hapa pameandikwa nyeupe," akasema. Akalizunguka gari lote, akarudi pale nilipokaa. "Samahani lakini, hii rangi inaitwaje?"

Nilirudi nyumbani na swali lake.

Ilikuwa Juni 2011, masika yamekwisha, mwenzangu bado yuko Muscat. Gari lenyewe ni Toyota Celica, mnaijua: ya mwaka 2000, toleo la SS-II, injini ya 2ZZ yenye gia sita, ile ambayo mshale ukivuka elfu sita sauti hubadilika kama mtu aliyekuwa anazungumza halafu akaanza kuimba. Niliinunua Tanga kwa mtu aliyekuwa ameiacha juani, jirani na bahari, hadi ukiipitishia kiganja kinatoka na unga kama umefuta ubao wa shule. Injini nzima, bodi nzima, rangi imekufa.

Kaka yangu alitaka nyekundu. Marehemu baba, katika ujana wake, alisimama pembeni ya barabara milimani Usambara kutazama mashindano ya magari ya East African Safari, enzi mashindano yale yakivuka mpaka kuja kwetu. Akatuhadithia habari za Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, ile iliyoshinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mpaka sisi watoto tukalisikia vumbi kooni. Kwa kaka, gari la spoti ni lile. Mjomba, aliyekaa Nairobi miaka mingi, alisema Celica ibaki nyeupe na ichorwe michirizi ya kijani na nyekundu kama ile aliyoshindia Juha Kankkunen Safari ya mwaka 1993. Wote wawili walikuwa wanampenda baba na wanalipenda gari, kwa hiyo sikuweza kuwapuuza.

Nilimwambia kaka kwamba nyekundu haikuanza kuwa rangi ya mwendo kasi. Katika mashindano ya zamani ya Ulaya rangi ilionyesha nchi: Italia nyekundu, Ufaransa bluu, Uingereza kijani, Ujerumani nyeupe kabla ya kuhamia rangi ya fedha. Honda walipoingia Formula One miaka ya 1960, gari lao lilikuwa jeupe lenye duara jekundu, yaani bendera ya Japani imewekewa magurudumu. Kila mmoja alipaka alikotoka.

"Na wewe umetoka Wete," kaka akasema. "Wete ina rangi gani?"

Sikuwa na jibu hadi Ijumaa ile mama alipoingia na boti kutoka Pemba, na halua yake ndani ya kikapu cha ukili. Asubuhi iliyofuata akaikata, akaweka sahani dirishani jikoni huku akichemsha kahawa. Halua ukiitazama kwa haraka utasema kahawia. Kivulini inakaribia weusi. Lakini jua lilipopenya dirishani likaipita, nikaona ndani yake wekundu wa damu ya mzee, na chini ya wekundu ule manjano ya samli na zafarani, kila kimoja mahali pake na vyote mahali pamoja.

"Kula, mwanangu. Unaitazama ya nini?"

Nikamwambia. Akaiweka dele chini. Nilidhani atanikataza, maana kwetu chakula hakichezewi. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi isije ikapauka. Halua iliyopauka haikusongwa vizuri."

Mzee wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, aliyenipakia rangi alikuwa amepuliza mabasi na malori zaidi ya miaka thelathini. Nilimfikia saa moja asubuhi nikiwa na kipande cha halua ndani ya kibakuli kilichofunikwa.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba, binti. Umeamua?"

Nikafunua. Alinishukuru, akamwita kijana wake aende kutafuta kahawa. Ilibidi nimweleze kwamba hicho si kifungua kinywa, hiyo ndiyo rangi.

Hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa chenye thina, kisha akanawa kwa sabuni, kisha akakausha, akaomba kipande cha kioo. Kijana akaleta kioo kilichovunjika cha dirisha la daladala. Mzee akakisafisha pande zote mbili, akaweka halua juu yake, akakiinua kuelekea jua kama daktari anavyoinua picha ya eksirei. Alikaa hivyo kwa muda, mkono wake haukutetemeka. Harufu ya iliki ilipita katikati ya harufu ya thina na puti, na mafundi wawili wa bodi wakasimamisha nyundo kutazama.

"Hii si rangi moja, binti," akasema. "Rangi ya kawaida inafunika. Hii inaachia mwanga uingie, ugonge chini, urudi." Akanieleza kwa vidole, kimoja juu ya kingine. Chini kabisa atapiga dhahabu yenye chenga. Juu yake hatapiga kahawia, atapiga kliya, ile rangi angavu isiyofunika, iliyotiwa kahawia kidogo na wekundu kidogo, nyepesi kama chai, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka. Kila mkono unaoongezeka, giza linaingia. Mpulizaji akisita hata kidogo, pale aliposita patakuwa na wingu, na wingu hilo halifutiki kwa msasa wala kwa dua. Mwisho ndipo atafunga kwa kliya safi yenye hadina, dawa ya kuifanya ikauke iwe ngumu.

Akakata vibati sita, vyote akavipiga dhahabu. Kisha akaanza kuchanganya. Hakutumia kipimo. Alichovya spoku ya baiskeli kwenye kopo la kahawia, akaacha tone lianguke, akakoroga, akatazama halua, akaacha lingine. Nilihesabu matone kumi na moja ya kahawia kabla hajagusa nyekundu, kisha akanisemesha na hesabu ikanitoka. Sijui kwa nini sikuandika. Kalamu ilikuwa mkobani.

Kibati cha kwanza kikapata mkono mmoja, cha pili miwili, hivyo hivyo hadi sita. Vilipokauka tukavipanga juu ya boneti la Celica, na halua katikati yake kwenye kioo. Kijana wa Mzee akapewa kazi ya kukaa pale na kipande cha katoni kufukuza nzi, na aliifanya kazi hiyo siku nzima kwa uaminifu.

Saa nne tulikubaliana kwamba ni namba tatu. Saa saba mchana, jua limesimama kichwani, namba tatu ikawa shaba tu, haina siri yoyote, na namba tano ndiyo iliyokuwa inapumua. Saa kumi na moja jioni namba tano ikazama ikawa nyeusi, na namba nne, ambayo kutwa nzima hatukuizungumzia, ikawaka kutoka ndani. Nilisimama pale nikahisi koo linabana. Ilikuwa sahani ya mama dirishani, kabisa.

"Sasa niambie," Mzee akasema, "gari hili utakuwa unalitazama saa ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wananiuliza watu watasema nini, au nitakuja kuliuza kwa nani.

"Jioni, Mzee. Nikitoka kazini."

"Basi ni namba nne. Mchana itakuwa imelala. Usiwe na wasiwasi nayo."

Akaandika 4 kwa chaki nyuma ya kibati, akanikabidhi. Halafu akachukua kisu, akaimega halua mapande matatu, lake, langu na la kijana wa katoni, tukala tumesimama.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Wiki mbili za msasa na puti. Kibanda cha nailoni ndani ya gereji, sakafu imemwagiwa maji kukamata vumbi, kompresa ikiunguruma tangu alfajiri kabla upepo haujaamka. Kubadilisha kadi nako kulichukua siku zake, na kadi mpya ikatoka imeandikwa kahawia, kwa kuwa kisanduku cha rangi ni kidogo. Kaka alikuja kuliona karibu na magharibi. Alilizunguka kimya, akaweka kiganja juu ya paa, akakiacha pale, kisha akaomba ufunguo.

Mzee alifariki miaka mitatu baadaye. Mchanganyiko wake hakuuandika popote, na gereji ile siku hizi ni duka la matairi.

Kwa hiyo juzi, baada ya kijana kuniuliza jina la rangi, nilifungua kabati la nguo, chini kabisa, nikatoa kibati namba nne kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Nikampelekea. Akakishika kwenye mlango wa gari, karibu na mchirizi, na sote wawili tukanyamaza.

Havifanani. Kibati kina wekundu ambao gari halina tena. Miaka yote hii nikilitazama kila jioni, jua la Dar limekuwa likiula kidogo kidogo, na jicho langu likawa linazoea kila siku kilichobaki. Paa limepauka zaidi. Boneti hivyo hivyo. Ndani ya kishubaka cha kifuniko cha mafuta, mahali ambapo jua haliingii, ndipo tulipoikuta rangi ya kibati, nzima, upana wa kiganja.

Kijana akauliza swali la haki kabisa: "Nifuate kibati au nifuate gari?"

Akifuata gari, atarekebisha mlango peke yake na hakuna atakayejua. Lakini atakuwa amechanganya kwa makusudi rangi iliyopauka. Akifuata kibati, lazima apige gari zima, na kila alichopuliza Mzee asubuhi ile kitaondoka kwa msasa. Nilimuuliza kama anaweza kupiga kliya ya rangi mkono juu ya mkono bila kufanya mawingu. Akasema amewahi kujaribu mara mbili, kwenye tangi la pikipiki. Nilimpenda kwa kusema kweli.

Nilimpigia mama Wete nikamsimulia. Akaniuliza kama kibati kimebaki vile vile kama halua ile. Nikasema ndiyo. Akakaa kimya hadi nikadhani laini imekatika, kisha akaniuliza lini nakwenda Pemba, na nikienda, nitakwenda na gari?

Kijana anasubiri simu yangu. Mchirizi upo pale pale. Jana saa kumi na moja niliegesha nyuma ya nyumba, nikakiweka kibati juu ya boneti, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni nikivitazama vyote viwili mpaka giza likaingia vikafanana.