Nilivyopata tope la chini ya Ziwa Victoria kwa bomba na ndala

Wapo walioniambia "tope ni tope, chota tu na ndoo." Wengine wakasema bila kifaa cha kuagiza Ulaya nisijisumbue. Wote walinipotosha, nasema kwa kifua mbele.

Nilikuwa natafuta metali zenye sumu, zebaki na risasi, kwenye tope la Ghuba ya Mwanza, si mbali na pale Mto Mirongo unapoingia ziwani baada ya kukatiza jiji. Tulianza na kifaa cha Ekman cha kuazima, sanduku la chuma lenye taya mbili. Unalishusha likiwa wazi, kisha unaachia kidude kizito kiteremke kwenye kamba kufyatua springi. Raha tupu, mpaka kijiti kibanwe kwenye taya! Likipandishwa, tope laini la juu, lile jipya nililolifuata, linavuja lote njiani. Mzee mwenye mtumbwi akacheka: "Mwalimu, mmesoma kote huko, tope linawashinda?"

Nikaenda duka la mabomba. Bomba la plastiki la inchi mbili nikalifunga kwenye upondo wa yule mzee, na kwenye mdomo wa juu wa bomba nikabana kipande cha tyubu ya baiskeli upande mmoja tu. Likishuka, maji yanakiinua yanapita. Likivutwa, kinajifunga na tope linabaki ndani. Kabla mdomo wa chini haujatoka majini, unauziba kwa kiduara kilichokatwa kwenye ndala kuukuu (vaa glavu ndefu, kuna kichocho). Ufukweni ndala hiyohiyo unaisukuma kwa fimbo kutoka chini, tope linapanda taratibu, nami nalikata kila sentimita kwa rula ya plastiki. Kisu cha chuma marufuku. Juu utando wa kahawia, chini yake jeusi linalonuka yai viza.

Maabara wakataka kulikausha kwa nyuzi 105 "kama kawaida." Kwa joto hilo zebaki inakupotea hewani! Nikasimamia lisizidi 40, kisha chekeche lenye matundu ya mikromita 63 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), maana metali hung'ang'ania chembe ndogo. Na daima peleka chupa moja tupu ya asidi ileile ya kuyeyushia tope, yenyewe isiyo na tope, uone asidi yenyewe imebeba nini.

Bomba na gundi ni pesa ya mboga. Maabara ndiyo iliyonikausha mimi. Lakini risasi ilikuwa nyingi vipande vya juu, ikapungua kadiri nilivyoshuka, na hilo, tope la ndoo lililochanganyika lisingenionyesha.