Nafsi ya Ngapi?

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi ya nyumbani ambayo mtoto yeyote angeimaliza kabla chai haijapoa: sentensi sita, moja kwa kila nafsi. Alikuwa amechora jedwali ubaoni kwa rula ndefu ya mbao. Nafsi ya kwanza, anayesema. Ya pili, anayesemeshwa. Ya tatu, anayesemwa. Umoja kushoto, wingi kulia. Akatuonya tusimwandikie "miye" na "weye", hayo tuyaache huko huko majumbani kwetu.

Neno lenyewe, nafsi, lilikuwa limenitatiza tangu alipoliandika. Chuoni, kwenye kusoma Kurani, tulishalisoma. Kila nafsi itaonja mauti. Nafsi ya chuoni ilikuwa kitu cha kuogopesha, kitu cha kuulizwa na malaika kaburini. Nafsi ya skuli ilikuwa na mistari ya chaki na nafasi ya kujaza. Sikujua kama ni neno moja au mawili yanayofanana, na mwalimu wetu hakuwa mtu wa kuulizwa maswali ya namna hiyo.

Ilikuwa Alkhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Nyumba yetu ya Kikwajuni, mjini Unguja, ilikuwa na watu tisa, na kilichotulisha asubuhi kilitoka kwenye chuma cha vitumbua cha shangazi. Shangazi, dada yake baba, alirudi nyumbani baada ya kuachwa na mumewe, na tangu hapo sikumbuki kumkuta amelala. Mchele aliuroweka mchana, usiku akikuna nazi, na kabla ya adhana ya alfajiri hamira ilikuwa imeshaumua, iliki imeshatwangwa, na watoto wa jirani wamepanga foleni kibarazani na sahani zao. Wiki ile kichwa kilikuwa kikimuuma. Hospitali walimpima damu, malaria hakuna, wakampa vidonge. Alivimeza akaendelea kukuna nazi.

Nililala kifudifudi kwenye mkeka, daftari mbele ya kandili. Nilikuwa nimeshaandika "Mimi ninasoma" na "Wewe unacheza", na natafuta sentensi ya tatu, mara nikahisi kitu kimekosekana. Ilikuwa sauti ya mbuzi. Unajua mbuzi ikikuna, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka husikii tena kama kuna sauti. Ikinyamaza ndipo unaposhtuka. Kifuu chenye nazi nusu kilianguka mkononi mwake, kikabingirika polepole juu ya mkeka, kikaja kusimama ukingoni mwa daftari langu. Tone la maji ya nazi likaingia kwenye neno "unacheza". Nikanyanyua macho.

Shangazi alikuwa bado ameikalia mbuzi, mgongo umenyooka, kichwa kinakwenda huku na huku kama mtu anayekataa jambo. Anapumua kwa nguvu. Mimi nilitaka kupiga kelele. Bibi hakupiga kelele wala hakukimbia. Alifanya kama mtu aliyesikia hodi. Akafungua sanduku, akatoa shuka jeupe, akamfunika bintiye mabega, akapuliza makaa ya chetezo na kutia udi. Halafu akakaa chini, kitako, akaziweka kanga zake vizuri.

"Salaam aleikum," ikasema sauti.

Ilitoka kinywani mwa shangazi. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Waleikum salaam," akajibu bibi. Na kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele hunisimama. Akamwambia mwanawe wa kumzaa: "Shikamoo."

"Marahaba."

Kwa wasio wa kwetu niseme kidogo hapa. Unguja mtu akisema fulani ana sheitani hamaanishi Iblisi. Sheitani ana kabila, ana dini, ana chakula anachokipenda na harufu asiyoistahamili. Huyu wa shangazi alikuwa ruhani, Mwarabu, Muislamu, mtu wa vitambaa vyeupe, marashi na halua. Bibi alimjua zamani. Alikuwa wa ukoo, alimpanda kwanza mama yake bibi. Na yule anayepandwa huitwa kiti.

Sauti ikaanza: "Ana..."

Nikasubiri. Ana nini? Ana homa? Ana njaa? Nilidhani ananitajia maradhi ya shangazi, na nikatega sikio nijue. Ilinichukua muda kutambua kuwa ile ilikuwa "ana" ya chuoni, ya Kiarabu, yaani mimi. Alikuwa anajitaja. Kisha akahamia Kiswahili, na hapo nikalisikia jambo ambalo labda mtoto mwenye jedwali la nafsi kichwani ndiye pekee angelisikia. Shangazi maisha yake yote alisema "miye". Sauti hii ilisema "mimi", safi, kama ilivyoandikwa ubaoni.

"Mimi nimekuja kwa shari ya kiti changu," ilisema. "Kiti changu hakinisikii. Nimekiambia kipumzike, hakipumziki. Kinaamka na giza, kinakaa kwenye moshi, kinanuka mafuta. Mimi nitakaaje?"

Hakinisikii. Hakipumziki. Kinanuka. Kiswahili kinamstahi kila mtu na kila mnyama. Kiboko ana ki- yake mbele, lakini tunasema kiboko amelala. Kipofu amefika. Kinyonga amepanda mti. Shangazi yangu, aliyekuwa akinifunga vifungo vya shati asubuhi, alikuwa amenyang'anywa a- yake mbele yangu na kupewa ki-, ngeli moja na kijiko na kibao cha mbuzi. Na aliyemnyang'anya alikuwa anautumia ulimi wake mwenyewe.

Bibi akawa anaomba radhi. Kiti kina majukumu, alisema, nyumba kubwa, watoto wengi. Sauti haikutaka kusikia. Inataka kombe. Inataka kiti kikae siku saba bila kukaribia moto. Kisha kichwa kikageuka upande wangu, macho yamefumbwa nusu.

"Wewe nani?"

"Miye," nikasema.

Ndivyo tunavyojibu sote, hata mlangoni. Hodi! Nani? Miye. Aliye ndani huijua sauti, basi yanatosha.

"Miye nani?"

Nikakosa jibu. Jina langu nililijua, bila shaka, lakini halikupanda. Nilichoweza kukifanya ni kuitazama midomo ya shangazi, na kovu dogo la mafuta chini ya mdomo wake, lile lile la siku zote. Bibi akaniokoa: "Huyu mjukuu wangu, mtoto wa kaka yake kiti." Sauti ikaridhika. Ikaomba marashi, ikanywa funda tatu, ikaaga kwa salamu, na mwili ukalegea kama nguo iliyoteleza msumarini.

Dakika chache baadaye shangazi alifumbua macho. La kwanza alilolitafuta ni nazi. "Nani kaitupa nazi yangu?" Halafu akaliona shuka jeupe begani.

"Kaja?"

"Kaja," bibi akamjibu.

"Kasemaje?"

Nimesoma tangu wakati huo maelezo mengi ya mambo haya. Wasomi wanasema ndiyo njia ambayo mwanamke aliyenyimwa sauti hujipatia sauti: sheitani huomba kile ambacho mke au dada hathubutu kukiomba. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini waliosema hivyo hawakumuona shangazi akiuliza "kasemaje?" akiwa na uso wa mtu aliyekuwa msalani wageni walipokuja. Alisimuliwa maneno yaliyotoka kinywani mwake kama mtu anayesimuliwa hukumu ya kesi yake, akiyapinga moja moja. Siku saba! Wateja nitawaambia nini? Yeye ananusa mafuta, miye ninanusa njaa.

Niliwahi kumhadithia mfanyakazi mwenzangu kisa hiki kwa Kiingereza, nikakwama sentensi ya kwanza. Kiingereza kilitaka nichague kwanza, aliyesema ni mwanamume au mwanamke, kabla hakijaniruhusu kukifikia kitenzi. Nikichagua mwanamume, shangazi hayupo tena ukumbini. Nikichagua mwanamke, mgeni hakuja. Kwa Kiswahili nimeandika kurasa hizi nikisema "yeye" na "akasema", na sikulazimika kumfukuza yeyote.

Babu alirudi usiku wa manane. Alikuwa mtu wa tarika ya kisufi, Kadiria, ile aliyoieneza huku Sheikh Uways wa Barawa, na usiku wa Ijumaa alikuwa hakosi dhikri. Alinikuta kibarazani, usingizi umeniruka. Nikamuuliza lililokuwa likinikera: mtu akisema "mimi", tutajuaje ni nani anayesema?

Hakunijibu hilo. Babu alikuwa na tabia ya kulijibu swali la jirani. "Nyinyi skuli mnasema nafsi ya tatu ni nani?"

"Anayesemwa."

"Sisi kwenye nahau ya Kiarabu tunamwita ghaibu. Asiyekuwepo." Akavua kofia, akaipepea jasho. "Sasa sisi kule usiku kucha tunaita Hu, Hu. Na Hu ni nini? Ni Yeye. Tunamwita asiyekuwepo. Unaonaje?"

Nikamwambia sijui.

"Soma Alhamdu."

Nikaisoma, sura ya kwanza ya Kurani. Niliposema iyyaka na'budu akanishika bega. "Hapo. Umeanza kumsema Yeye. Mola wa walimwengu, Yeye. Mwingi wa rehema, Yeye. Mfalme wa siku ya malipo, Yeye. Mara unasema, Wewe tu tunakuabudu. Nani kakutoa kwa Yeye kakupeleka kwa Wewe? Mara kumi na saba kwa siku, faradhi peke yake, na hujawahi kujikwaa." Halafu akacheka kidogo. "Tena unaswali peke yako chumbani, unasema tunakuabudu. Nyinyi na nani?"

Akaingia ndani kulala. Mimi nilibaki nikihesabu. Miaka kadhaa nilikuwa nikiisoma sura ile kama mtu anayepita mlangoni bila kuuona mlango. Bado hainipiti nikifika hapo. Kuna rakaa ninasita, imamu akinitangulia.

Shangazi alizitumikia siku zake saba kama kifungo. Bibi alimletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa marashi, naye akalinywa kwa kukunja uso. Alikaa barazani na kanga safi, kichwa kimepona, hasira hazijapona. Baba alikwenda kununua mikate mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tena maishani mwangu. Siku ya tatu mama mmoja wa mtaa wa pili akaanza kuuza vitumbua, na watoto wakahamisha sahani zao. "Anajua kuamrisha huyo," shangazi akawa anasema, jicho lake kwenye ile foleni mpya. "Kesho atakuja kuniuliza mbona kiti kimekonda."

Jumatatu nilikuwa nimeipeleka kazi yangu. Kwenye nafsi ya kwanza nilifuta "Mimi ninasoma", nikaandika "Kiti changu hakinisikii". Sikufanya ujeuri. Niliona ndiyo sentensi ya kweli zaidi ya nafsi ya kwanza niliyowahi kuisikia: mimi yumo katikati ya neno, -ni-, anajificha lakini ndiye mwenye amri.

Daftari lilirudi Jumatano. Vema tano, na kando ya ile ya kwanza, kwa wino mwekundu: "Nafsi ya ngapi?" Mwalimu akaniita mbele.

"Nani anasema hapa?"

"Shangazi," nikasema. Halafu nikajirekebisha. "Si shangazi."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu wa Unguja kama sisi, na bila shaka kwao pia kulikuwa na sanduku lenye shuka jeupe. Alilitazama daftari kitambo, akatazama dirishani, akanirudishia. "Kaa chini," akasema kwa upole ambao hakuwa nao siku nyingine. Hakuniwekea vema, na kosa pia hakuniwekea.

Nikamkuta shangazi barazani, siku yake ya sita. Alisoma Kiarabu tu. Herufi za skuli hakuzijua. Alitaka kuona wino mwekundu umesemaje, nikamsomea swali, nikamsomea na sentensi yenyewe. Akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesomewa barua ya mtu wa mbali.

"Kasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na weye ukaandika."

"Ndiyo."

Akanyamaza. Mtaa wa pili mafuta yalikuwa yakichirizika kwenye chuma cha mtu mwingine.

"Basi andika na langu," akasema. "Chini yake hapo hapo. Miye sijachoka."

Nikachukua kalamu, nikaandika. Sikubadilisha miye kuwa mimi.