Antena Haikuwa na Kosa

Kama unaishi Mtwara na TV yako ya king'amuzi cha antena inakatika picha, usikimbilie fundi. Mafundi wamekula hela yangu ya kutosha.

Kwangu Chuno picha ilikuwa safi mchana kutwa. Magharibi ikiingia tu, sura ya mtangazaji inagawanyika vipandevipande, sauti inakwaruza, mara skrini nyeusi. Siku ya Simba na Yanga ndiyo usiseme: mpira unakwenda golini, picha inaganda, bao tunalisikia kwa jirani.

Fundi wa kwanza akasema antena iko chini. Tukanunua bomba, tukaipandisha ikaupita mwembe. Vilevile. Wa pili akasema ni chumvi ya bahari, na huyo hakukosea sana, maana kichwa cha waya kule juu kilikuwa kimeota kutu ya kijani (wa pwani wenzangu, kikagueni na mkizungushie tepu). Tukakibadilisha, jioni mambo yaleyale. Wa tatu akaniuzia busta, elfu thelathini na kitu, na huyo mpaka leo nina kinyongo naye. Busta haichagui, inakuza mawimbi ya TV pamoja na uchafu ulioingia nayo. Picha ikazidi kuharibika, naye ananiambia niiache izoee. Izoee nini?

Kilichonifumbua macho ni menyu ya king'amuzi. Mle mna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ilikuwa juu, imetulia. Ubora ndio uliokuwa ukipanda na kushuka. Yaani mawimbi yanafika, ila kuna kitu ndani ya nyumba kinayachafua, na kitu hicho kinawashwa giza likiingia. Enzi za analojia, kabla mitambo haijaanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, uchafu huo ungeleta chenga na bado ungetazama mpira wako. Dijitali inavumilia mpaka mahali fulani, halafu inakata.

Nikachukua redio ya betri ya baba mkwe, nikaiweka AM mahali pasipo na stesheni, panaposikika shhh tu, nikaanza kuzunguka nayo usiku. Mama watoto akaniangalia, akanyamaza. Shemeji akauliza kama natafuta madini. Kwenye friji, kimya. Kwenye feni, kidogo. Kwenye chaja ya laptopu ya binti yangu ikanguruma. Nikatoka barazani, nikainua redio chini ya balbu ya LED, ikalia zzzzzz mpaka paka akaruka ukuta. Nazima balbu, shhh. Nawasha, zzzzzz. Nikarudia tena na tena kwa raha zangu, naita kila mtu aje asikie.

Balbu za bei chee zina kisakiti kinachokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na ili ziuzwe rahisi, vichujio vya kuzuia kelele huachwa. Waya wangu wa antena ulipita juu kidogo ya balbu hiyo, tena waya mwembamba wenye nyuzi za kinga za kuhesabu.

Ila redio inasikia kila kelele, na si kila kelele inaigusa TV. Kwa hiyo zima kifaa kimoja kimoja huku mtu anakodolea mstari wa ubora. Binti yangu alikaa pale anapiga kelele, "Umepanda baba! Umeshuka!" Balbu ilipozimwa ukapanda na kutulia. Chaja ilipochomolewa, ukaongezeka kidogo.

Balbu nikaweka nyingine, nzito zaidi mkononi, bei karibu mara tatu. Kabla ya kulipa niliomba muuzaji aiwashe dukani, nikaisogezea redio. Alicheka, lakini mbili za kwanza zililia nikamrudishia. Waya nikaweka RG6, ule mnene wa antena wenye kinga nzito, nikaupitishia upande wa pili wa nyumba. Chaja isingetupwa, kwa hiyo nikaomba kwa fundi kompyuta kile kidude cheusi kinene kinachobanwa kwenye waya, kile kinachofunguka katikati. Ndani ni feraiti tu, kauri iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma, lakini ukiuzungusha waya wa chaja humo mara tatu nne, ngurumo inapungua kabisa. Nilipewa bure.

Busta ipo kabatini, anayeitaka aje na bei. Jirani yule wa mabao naye picha yake imeanza kukatika tangu aweke taa mpya uani, anataka nikampitishie redio. Nimemwambia aje na betri zake.